Anaeujua mwanya ndo huyo huyo anaekula pointi

Nianze na kesi ya zamani. Tulikuwa watoto kama saba hivi likizo kwa bibi Morogoro, na kimashine kilikuwa kimoja, kile cha plastiki cha Kichina kimeandikwa Brick Game, kinajisifu kina magemu 9999 ila ukikaa nacho jioni moja unagundua yapo machache tu, yaliyobaki ni yale yale yameongezwa spidi. Sisi tulikuwa tunacheza matofali, yale yanashuka toka juu unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Foleni inapangwa barazani, ukifa unampa anaefuata, rekodi ya juu kabisa inakaa kwenye kioo kila mtu anaiona, na jina la mwenye rekodi tunalitunza kichwani manake mashine yenyewe haina pa kuandika jina.

Sasa binamu yangu mmoja akaanza kupanda. Siku mbili tatu katupita wote, halafu katupita kwa mbali sana mpaka ikawa haieleweki, ndo tukaanza kumchungulia. Kumbe kila tofali likitokea juu anabonyeza pozi. Kwenye kile kimashine ukibonyeza pozi kinatokea kikombe kidogo cha chai pembeni mwa kioo, gemu linasimama, lakini matofali yote yanabaki yanaonekana, la kwako linaning'inia hewani na linalofuata nalo unaliona. Basi yeye anakaa na kikombe chake, anahesabu kwa kidole, ulimi nje, akiridhika anabonyeza tena, tofali linashuka hatua moja, pozi. Mchezo wa dakika tano anaucheza saa nzima na foleni barazani imeshalala.

Tukapeleka kesi kwa mjomba, na msemaji nilikuwa mimi. Mjomba alikuwa fundi redio, akakichukua kile kidude akakigeuza geuza, akauliza, kitufe hiki mmekiweka nyie? Hapana mjomba, kimekuja nacho. Sasa kosa la mwenzenu nini? Tukabaki tunatazamana. Tulijua kabisa tunaibiwa ila hatukuwa na neno la kusemea.

Lile swali sijawahi kuachana nalo, na kila nikisoma watu wanagombana kuhusu bagi na pointi za magendo kwenye magemu ya mkononi naona ni kesi ile ile imevaa nguo mpya. Sisi wa mjini mtu akikosea tunasema kabugi, na lile neno la kizungu la hitilafu ya programu likiingia kwetu linakuwa bagi, yanakaribiana mpaka raha, kwa hiyo nikisema gemu limebugi kila mtu ananielewa. Ila gemu kubugi ni jambo moja, na mtu kuliona limebugi akanyamaza akakaa hapo hapo anavuna pointi ni jambo jingine. Na hili la pili ndo nataka tuliongelee manake naona linaamuliwa kwa hasira badala ya akili.

Jibu la kwanza kwa mjomba lilikuwepo siku nyingi, sema sisi hatukuwa na hela ya kulinunua. Game Boy, kimashine cha mkononi cha kampuni ya Nintendo, imetoka Japani Aprili 1989, na Marekani mwaka huo huo ikauzwa na Tetris, ndo hayo hayo matofali, ndani ya boksi. Ukisimamisha Tetris ile, uwanja wote unafunikwa. Huoni tofali hata moja, unaona maandishi tu yanakwambia bonyeza uendelee. Yani kuna mtu kule alikaa akamfikiria binamu yangu, akaona huyu mtoto atakuja kunywa chai katikati ya mchezo, akamfungia mlango kabla hajafika. Hakuandika popote kwamba ni marufuku kufikiria ukiwa umesimamisha, kafunika tu, na ukishafunika ugomvi wa barazani unaisha wenyewe. Walotengeneza kile cha kwetu hawakufunika, na mi mpaka leo naamini kosa lilikuwa lao kuliko la binamu, ingawa siku ile ungeniambia hivo ningelia.

Lakini hata hiyo ya Game Boy haikukosa mianya kwenye pointi. Angalia hesabu yake. Kwenye ngazi ya sifuri ukifuta mstari mmoja unapata 40, miwili 100, mitatu 300, minne kwa mpigo 1200, na kila ngazi ukipanda inazidishwa, ngazi ya 9 ile 1200 inakuwa 12,000. Kwa hiyo mistari minne ukiifuta mmoja mmoja unapata 160, ukisubiri ukaifuta pamoja 1200. Ndo mana kila mchezaji mzuri anaacha shimo pembeni kabisa anasubiri kile kijiti kirefu, anahatarisha roho yake, hajengi vizuri, anawinda pale pointi zilipojaa. Huo nao si ujanja? Ni ujanja, tena mkubwa, ila hakuna anaeuita wizi kwa sababu wote tumekubaliana ndo utamu wa gemu. Mstari kati ya ufundi na magendo hauko ndani ya mashine bana, uko kwa watu waliokaa barazani.

Halafu juu kabisa kuna dari. Pointi zinaishia 999,999, ukifika hapo hata ucheze mpaka betri zife namba haisogei, kwa hiyo watu wawili waliofika dari huwezi kusema nani zaidi. Na ukizima mashine zote zinafutika, manake ile kaseti haikuwa na betri ndani ya kutunza kumbukumbu. Ushahidi pekee ulikuwa picha. Unaacha mashine inawaka na namba yako kwenye kioo kile cha kijani kibichi kisicho na taa, unatafuta dirisha lenye mwanga, unapiga picha kwa kamera ya filamu, unasubiri ioshwe, unaituma kwa posta kwenye jarida la Nintendo Power na wao wanachapa majina ya walioongoza. Steve Wozniak, huyu huyu alieanzisha Apple na Jobs, alikuwa mgonjwa wa Tetris ya Game Boy, na mwenyewe kasimulia kwamba alituma pointi zake mara nyingi mpaka jarida likakataa kulichapa tena jina lake, akalipindua, akajiita Evets Kainzow, wakachapa. Soma kinyumenyume utamuona. Jamani, kama mtu anaweza kuingia kwenye orodha kwa jina lililopinduliwa na hakuna aliyeshtuka, orodha ile ilikuwa inasimama kwa uaminifu tu wala si kwa ukaguzi. Yeye hakuiba kitu, pointi zilikuwa zake, ila umeona mlango ulivyokuwa wazi.

Tuje sasa kwenye bagi yenyewe hasa, ile mama yao, MissingNo. ya Pokémon, gemu la Game Boy la kukamata wanyama wa kubuni na kuwapiganisha.

Pokémon ilitoka Japani Februari 1996, ikafika Marekani Septemba 1998 kwa kaseti mbili, nyekundu na buluu. Ndani ya gemu kuna mzee mmoja mjini Viridian anaekuonyesha namna ya kukamata mdudu. Wakati wa onyesho jina lako linatakiwa lipotee kwa muda manake anaecheza ni mzee, sasa lile jina lako gemu likalihifadhi sehemu ile ile inayowekwa orodha ya wanyama wa porini. Kumbukumbu ilikuwa ndogo, wakabana, sawa. Kawaida ukiingia eneo jipya lenye nyasi orodha inaandikwa upya na jina linafutika bila madhara. Ila ukitoka kwa mzee ukaruka moja kwa moja mpaka kisiwa cha Cinnabar ukaogelea kwenye ule ufukwe wa mashariki, pale kipande cha mwambao kinakuruhusu kukutana na wanyama na hakina orodha yake mwenyewe, kwa hiyo gemu linasoma iliyopo, na iliyopo ni jina lako. Herufi ya tatu, ya tano na ya saba zinageuka kuwa wanyama. Ndo mana mtoto huyu alikuwa anakutana na vitu vingine na jirani yake vingine kabisa na wote wanaapa wanasema kweli, na kweli walikuwa wanasema kweli.

Katika hao ndo anatoka huyo MissingNo., mnyama asiyekuwepo, kibonge cha takataka za picha kama herufi L iliyogeuzwa. Na ukimuona tu, hata usipomkamata, gemu linajaribu kuweka alama kwamba umeshamuona, ila yeye namba yake ni sifuri, hana mahali kwenye daftari la wanyama, basi ile alama inaenda kutua nje ya daftari, juu ya idadi ya kitu cha sita kwenye begi lako. Idadi inaongezeka 128. Ulikuwa na mpira mmoja wa kukamatia wanyama, wa Master Ball, ule ambao gemu zima unapewa mmoja, sasa unayo 129. Ulikuwa na pipi moja ya kupandisha ngazi, sasa unazo za kugawa mtaa mzima.

Haya niambie, mtoto wa miaka kumi amegundua hilo, atamripoti nani? Na ataripoti ili iweje? Kaseti ilikuwa haina apdeti, kilichochomwa kiwandani ndo hicho mpaka kiama. Nintendo Power toleo la Mei 1999 wakaandika onyo, kwamba kukutana tu na huyo kiumbe kunaweza kukufutia gemu lako ulilotunza au kukuvurugia picha. Watu wakasoma, wakaogopa dakika mbili, wakaenda Cinnabar. Manake wenzao walishaenda wakarudi salama na mipira 129. Kinachoharibika kweli kweli ni kumbukumbu za ukumbi wa mabingwa, zile zinapinda, na picha zinageuka geuka mpaka ufungue taarifa za Pokémon mwingine zinatulia. Hapo ndo nnapowalaumu, wala si kwa kuonya, bali kwa kuonya kwa kutisha bila kueleza. Wangesema kitu cha sita, wangesema ukumbi wa mabingwa, mtoto angepima mwenyewe faida na hasara. Ukimtishia mtu kitu ambacho binamu yake kashakijaribu akapona, siku utakayokuja na onyo la kweli hakusikilizi.

Sa tusogee zama za mtandao, hapa ndo uchungu unapoanza kwa sababu sa hivi si wewe na begi lako tena, kuna mtu upande wa pili anaumia. Mario Kart DS, gemu la mbio za magari la Novemba 2005, ilikuwa ya kwanza ya Nintendo kwenye kimashine chao cha DS kuchezwa kwa intaneti. Kwenye kona ukiserereka na ukabonyeza kushoto kulia kushoto kulia cheche zinatoka buluu, halafu nyekundu, ukiachia unapata kisukumo kidogo. Ilikusudiwa kwa kona. Watu wakagundua kwamba unaweza kufanya hivyo hata kwenye barabara iliyonyooka, unaserereka huku, kisukumo, unaserereka kule, kisukumo, mashindano nzima unatambaa kama nyoka, na ukikutana na mtu wa namna hiyo mtandaoni na we unaendesha kistaarabu anakuacha mpaka humuoni. Vidole gumba vilikuwa vinaota malengelenge. Jina lake likawa hilo hilo la kutambaa kinyoka, na wapenzi wa gemu wakapasuka mapande mawili, hawa wanasema ni ufundi kama umeweza fanya na wewe, hawa wanasema mmeua mchezo.

Mi nilikuwa upande wa pili kwa muda mrefu halafu nikahama. Kilichonihamisha ni kwamba hakuna kilichofichwa. Kila mtu alikuwa anaona, kila mtu angeweza kujifunza, na waliotengeneza gemu waliona pia, ndo mana Mario Kart Wii ya 2008 ile biashara ya kubonyeza kushoto kulia wakaiondoa, kisukumo kikawa kinajaa chenyewe kwa muda unaoserereka. Hawakumfungia mtu, hawakumwita mtu mwizi, wamebadilisha hesabu tu kwenye gemu linalofuata. Kama Game Boy ilivyofunika uwanja.

Na kuna wakati wenye gemu wanasema hapana, hiyo siyo bagi, tumekusudia. Tetris Worlds ya 2001, ilikuwepo mpaka kwenye Game Boy Advance, ilikuwa na mtindo wa tofali kutoganda maadamu unalizungusha. Unabonyeza bonyeza linazunguka pale chini kama pia, haligandi, hata spidi iwe ya radi we unafikiria taratibu. Wachambuzi wakapiga kelele kwamba mmeua hatari ya mchezo. Henk Rogers, yule aliyeihangaikia Tetris mpaka ikaingia kwenye Game Boy, akajibu kwamba ni makusudi, anaeanza kujifunza apate muda wa kufikiria, na kwamba wachezaji wakali kwenye mashindano hawahangaiki kuzungusha ovyo kwa sababu hawahitaji muda huo. Nilivyosoma nikacheka peke yangu. Kikombe cha chai kimerudi! Safari hii kimerudishwa na mwenye duka. Ila jibu lake lina akili, manake kwenye shindano lenye saa inayotembea kuzungusha kunakula muda wako mwenyewe, kasoro inabaki kwenye ule mchezo usio na mwisho, mtu anakaa jumapili nzima anakusanya pointi kwa kuzungusha. Mwanya ni ule ule, kwenye meza hii ni halali na kwenye meza ile unaharibu kila kitu, kwa hiyo usiniulize kama jambo fulani ni magendo kabla hujaniambia tunashindania nini.

Nayo dawa mbaya ipo. Animal Crossing, gemu la kujijengea maisha ya kijijini kwenye kimashine cha Switch cha Nintendo, Aprili 2020, dunia imejifungia ndani, watu wakawa wanapeleka saa ya mashine mbele miaka mingi wanarudi wanakuta benki ya kijijini imewawekea riba ya kufa mtu. Nintendo wakashusha riba kwa wote, na kiwango cha juu wakakifanya 9,999. Kwa wote, hata yule bibi wa watu aliyekuwa anaweka akiba yake taratibu kila siku na hajawahi kugusa saa. Wakamtumia kila mmoja barua na zulia la mfuko wa hela. Zulia!

Mambo ya saa nayajua manake yalinikuta. Mwaka juzi nilikuwa nacheza gemu moja ya simu, ya kupanga vigae, silitaji, ina ubao wa pointi wa dunia nzima. Ukimaliza raundi unapewa bonasi ya muda uliobaki. Siku moja simu ikajirekebisha saa katikati ya raundi, nilikuwa nimetoka safari, bonasi ikaja na tarakimu nyingi sijawahi kuona. Nikajaribu kwa makusudi, nikarudisha saa nyuma dakika kumi wakati raundi inaendelea, ikaja tena. Mara tatu, kwa simu mbili tofauti. Nikaandika ripoti na nikajitahidi bana, toleo la programu, aina ya simu, hatua moja moja kuanzia kufungua gemu mpaka namba inayotokea, nilichotegemea kuona na nilichoona, vidio ya sekunde arobaini. Nilikuwa nimeingia nafasi ya juu kwenye ubao bila kutaka na nikawaambia hizo pointi zangu futeni. Jibu lilikuja baada ya wiki, akaunti imefungwa kwa udanganyifu. Mwanya wenyewe ukakaa miezi minne wazi, na kwenye ubao walikuwepo wengine wana namba kama za kwangu, kimya, wanapumua.

Hicho ndo kinachonifanya niandike haya. Mtu anaeujua mwanya vizuri kuliko wote, anaejua unafunguka lini na kwa hatua gani, ni yule anaekula pointi pale. Mjaribu wa kampuni kacheza wiki mbili, huyu kacheza miaka miwili. Ripoti nzuri kuliko zote iko kichwani mwake, sasa ukiweka utaratibu kwamba akifungua mdomo tu anapigwa, umemfundisha kunyamaza, na umewafundisha na wote waliokuwa wanamtazama. Mi ningefanya hivi, ukileta mwanya wenye hatua ambazo mtu mwingine anaweza kuzifuata akapata kile kile, pointi zako za mwanya zinatoka ubaoni lakini jina lako linawekwa mahali pa heshima, na zile za zamani ulizopata kihalali zinabaki. Asieleta akakamatwa, huyo mfungie.

Na nasisitiza hatua zinazorudika, manake neno la mtu peke yake halitoshi kwa pande zote mbili. Dragster ya Atari, gemu la mbio za magari, hii siyo ya mkononi najua, ilikuwa na rekodi ya sekunde 5.51 ya mwaka 1982, ikakaa kwenye ubao wa Twin Galaxies, watunza rekodi za magemu, mpaka Januari 2018 ilipofutwa, baada ya watu kuichambua programu yenyewe na kuona hata ukibonyeza bila kosa lolote huwezi kushuka chini ya 5.57. Miaka thelathini na tano.

Sasa kuhusu binamu. Kuna kitu sikumwambia mjomba siku ile wakati nimesimama pale msemaji wa wenzangu nimepandisha mabega. Ule mchezo wa kikombe niligundua mimi, likizo iliyotangulia, nikautumia usiku chini ya shuka wenzangu wamelala, na binamu kaujua kwa kunichungulia mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa anafanya mchana mbele za watu na alikuwa na akili ya kuhesabu kuliko mimi.

Kile kimashine kinatunza rekodi maadamu betri zimo. Mjomba alivyotufukuza na kesi yetu nilisubiri giza, nikazitoa zile betri mbili, nikaziuma uma kidogo kama tulivyokuwa tunafanya zikichoka, nikazirudisha. Asubuhi rekodi ilikuwa sifuri na bibi akasema betri hizo zilikuwa zimeshakwisha tangu juzi.